Maneno Hukaa Kinywani, Mlio Hukaa Kooni: Somo la Vokoda na Ikwalaiza



Leo nitawaelezeni habari za vyombo viwili vya kutengeneza sauti. Kimoja huitwa vokoda, na cha pili huitwa ikwalaiza. Zamani vyombo hivi vilikuwa makabati ya chuma yaliyojaa nyaya. Siku hizi ni programu tu, huwekwa ndani ya kompyuta, na nyingine hazilipiwi hata senti moja. Wewe uliyesikiliza somo hili redioni utalikuta hapa kama lilivyosomwa. Lakini pale tulipopiga milio ya mfano nimeandika maelezo badala yake, kwa kuwa karatasi haina mdomo. Someni polepole, na anayesoma upesi amsomee jirani yake.

Huenda mtu akauliza, "Mimi ni mkulima, vokoda ya nini?" Swali zuri. Kwanza, simu unayoitia mfukoni hutumia akili ile ile ya vokoda kila unaposema "haloo". Pili, wako watu ambao hawawezi kusema redioni yale waliyoyaona mpaka sauti yao ifichwe, na mtu akificha sauti vibaya aweza kumwingiza mwenzake katika hatari. Nitaifikia habari hiyo, lakini lazima kwanza tuanze na koo lako.

Weka vidole viwili juu ya koo, pale penye kifundo. Sema zzzz, kama nyuki. Vidole vyasikia mtetemo. Sasa sema ssss, kama nyoka. Mtetemo umekwisha. Ulimi na meno viko pale pale. Kilichobadilika ni koo tu.

Sasa tufanye kinyume chake. Sema aaaa kwa sauti moja, usiipandishe wala usiishushe. Bila kukata pumzi igeuze iwe iiii, kisha uuuu. Vidole vyasikia mtetemo ule ule tangu mwanzo mpaka mwisho. Safari hii koo halikubadilika. Kilichobadilika ni kinywa.

Jambo la tatu, mnong'oneze jirani yako: "Mwizi yuko nyuma ya nyumba." Koo halikutetemeka hata kidogo, lakini jirani amesikia kila neno, na pengine amegeuka kutazama. Basi hapa tumepata msingi wa somo letu lote. Koo hutoa mlio. Kinywa huuchonga mlio huo uwe maneno. Mlio wa koo ukikosekana, pumzi tupu yatosha kuwa mlio, na maneno bado hupita.

Koo la mwanamume hutetemeka kiasi cha mara 100 hadi 120 kwa sekunde moja, la mwanamke karibu mara 200, na la mtoto mdogo karibu mara 300. Mtetemo mmoja kwa sekunde huitwa hezi moja, kwa hiyo twasema hezi 100, hezi 200, na kadhalika. Lakini mlio wa koo hauji peke yake. Mlio wa hezi 100 huja na watoto wake: hezi 200, 300, 400, na kuendelea juu mpaka maelfu. Kinywa ni kama chujio. Unaposema a, hupitisha kwa wingi watoto walio karibu na hezi 700 na wengine karibu na hezi 1,200. Unaposema i, hupitisha walio karibu na 300, huwazuia wa katikati, kisha hupitisha tena walio karibu na 2,200. Sikio lako halihesabu tarakimu hizi, lakini kwa njia hiyo ndivyo linavyojua kwamba hii ni a na ile ni i. Tarakimu hizo ni za kinywa cha mwanamume. Kinywa cha mtoto ni kidogo, na tarakimu zake zi juu zaidi.

Kabla ya kuendelea, nataka mfikiri habari ya watu wa Lokele, wakaao kando ya mto Kongo karibu na Kisangani. Watu hawa walipelekeana habari kwa ngoma ya gogo lililochongwa ndani, yenye sauti mbili, ya juu na ya chini. Mwingereza John Carrington, aliyekaa kwao miaka mingi, alitoa kitabu juu ya ngoma hizo mwaka 1949. Ngoma haina ulimi wala midomo. Haiwezi kusema a wala i. Hupeleka kupanda na kushuka kwa sauti tu, na katika lugha yao kupanda na kushuka huko ni sehemu ya neno lenyewe. Lakini maneno mengi hupanda na kushuka namna moja, kwa hiyo mpigaji hakupiga neno moja, bali alipiga maneno mengi ya kulieleza, mpaka msikilizaji wa mbali akajua ni lipi. Kwa maoni yangu hao walikuwa mafundi wa sauti wakubwa, ijapokuwa hawatajwi mara nyingi katika vitabu vya mafundi.

Ngoma ile hushika kazi ya koo na kuitupa kazi ya kinywa. Vokoda ni kinyume chake: hushika kazi ya kinywa na kuitupa kazi ya koo.

Aliyeitengeneza alikuwa Mmarekani, Homer Dudley, fundi wa Bell Telephone Laboratories. Alianza kulifikiri jambo hili mwaka 1928, na shida yake ilikuwa nyaya za baharini. Nyaya za telegrafu zilikuwako tangu zamani. Waya wa namna hiyo kutoka Aden ulifika Unguja mwaka 1879. Waya ule ulipitisha alama za telegrafu vizuri, lakini haukuweza kupitisha sauti ya mtu, kwa kuwa sauti hutetemeka upesi kuliko waya ule ulivyoweza kufuata. Dudley akatambua jambo moja: koo hutetemeka upesi, lakini kinywa ni kizito. Ulimi, midomo na taya ni nyama na mifupa. Haviwezi kubadili umbo ila mara chache tu kwa sekunde moja. Basi ya nini kupeleka mtetemo wote? Peleka habari za kinywa peke yake, na upande wa pili pawe na mtambo wa kutoa mlio mpya na kuuchonga kwa habari hizo.

Mtambo huo hufanyaje kazi? Fikiri mto mmoja unaogawanyika katika mifereji kumi. Kila mfereji una mlango wa ubao, na kila mlango una mlinzi. Walinzi hawatazami maji. Wanasikiliza sauti yako. Mlinzi wa kwanza husikia mitetemo ya chini kabisa tu, wa pili husikia ya juu kidogo, na hivyo hivyo mpaka wa kumi, ambaye husikia mitetemo ya juu tu. Fungu lake likiwa na nguvu, mlinzi hufungua mlango wake sana; likiwa dhaifu, huufunga. Mifereji ikiisha kupita milangoni huungana tena, na maji hutoka pamoja.

Maji hayo si sauti yako. Ni mlio mwingine wowote uliouchagua, nasi tutauita mlio wa kubebea. Sauti yako imefungua na kufunga milango tu. Mlio wa kubebea ukiwa wa kinanda, utasikia kinanda kikisema maneno yako. Ukiwa wa mawimbi ya pwani, utasikia bahari ikinong'ona. [Hapa redioni tulipiga mlio wa kinanda peke yake, kisha sentensi "Kesho tutapanda mahindi" peke yake, kisha kinanda kikiisema sentensi hiyo.]

Ziko hila mbili ambazo mwanafunzi wa vokoda hukutana nazo siku ya kwanza. Hila ya kwanza ni mfereji mkavu. Mlinzi akifungua mlango na mfereji hauna maji, hakuna kitakachotoka. Filimbi, kwa mfano, ina watoto wachache wa juu. Ukiichukua iwe mlio wa kubebea, maneno hutoka kama mtu aliyefunikwa blanketi. Zumari ni afadhali sana, kwa kuwa mlio wake mkali umejaa watoto tangu chini hata juu. Katika kompyuta mafundi hupenda mlio uitwao wa msumeno, na mtu akiuchora katika karatasi kweli hufanana na meno ya msumeno.

Hila ya pili ni s, sh na f. Tumeona kwamba koo hunyamaza katika herufi hizi, ikabaki pumzi. Mlio wa kinanda hauna pumzi, basi neno "shusha" likipita ndani yake hutoka kama "u-a". Dudley alilijua hilo, akaweka katika mtambo wake milio miwili: mmoja wa kuvuma kwa herufi za koo, na mmoja wa kufoka kama mvuke kwa herufi za pumzi, na mtambo ukahama kutoka huu hadi ule. Programu za leo hufanya vile vile, au hukupa nafasi ya kuchanganya mlio wa kufoka kidogo katika mlio wa kubebea. Changanya; usione haya.

Mwaka 1939, katika maonyesho makubwa ya New York, watu walionyeshwa ndugu wa vokoda aliyeitwa Voder. Huyu hakusikiliza sauti ya mtu. Binti aliketi mbele yake na kumsemesha kwa vidole kumi, huku kifundo cha mkono kikichagua kati ya mvumo na mfoko, na mguu ukipandisha na kushusha mlio. Kujifunza kazi hiyo kulichukua kama mwaka mzima. Wewe mwenyewe ulijifunza kazi hiyo kwa kinywa chako ungali mtoto, bila ya mwalimu.

Kisha vita vikaja, na vokoda ikaitwa vitani. Wakubwa wa Uingereza na Marekani walisemezana kwa simu ya redio, na sauti zao zilivurugwa kwa mtambo ili adui asielewe. Lakini Wajerumani waliweza kuuvumbua mvurugo ule, wakasikiliza. Basi Wamarekani wakatengeneza mtambo mwingine, jina lake SIGSALY. Huu uliyagawa maneno katika mafungu kumi kwa vokoda, ukapima nguvu za kila fungu mara 50 kwa sekunde, ukageuza vipimo hivyo kuwa tarakimu, kisha ukachanganya kila tarakimu na tarakimu nyingine za bahati nasibu zilizotiwa katika sahani za santuri. Sahani zilikuwa mbili mbili zilizofanana, moja Washington na moja London, na zilipotumika mara moja ziliharibiwa. Mtambo ulianza kazi Julai 1943. Ulikuwa na uzito wa tani 50 na zaidi, na ule wa London uliwekwa chini ya ardhi katika jengo la duka kubwa la Selfridges. Habari zake zilikuwa siri mpaka mwaka 1976. Fikiri: tani 50 za chuma kwa ajili ya mazungumzo ya simu, na leo kazi ya kugawa sauti namna ile hufanywa na simu iliyo mkononi mwa mchunga ng'ombe.

Maana simu nayo ni mjukuu wa Dudley. Katika mtambo wa GSM, ulioanza kutumika mwaka 1991, simu haipelekei mnara sauti yako kama ilivyo. Mara 50 kwa sekunde hupima umbo la kinywa chako, hupeleka habari za umbo hilo, na huongeza habari fupi za mlio wa koo. Kwa njia hiyo sauti ambayo katika simu ya kawaida ya tarakimu ingehitaji biti 64,000 kwa sekunde yapita kwa biti 13,000 tu. Mtandao ukidhoofika, habari nyingine hupotea njiani, na ndipo umsikiapo ndugu yako wa mjini akisema kama mtu aliye ndani ya pipa. Yule umsikiaye ni mtambo unaomwigiza ndugu yako, tena kwa habari pungufu.

Muziki nitaupita upesi. Wendy Carlos alitumia vokoda katika muziki wa filamu mwaka 1971, na Wajerumani wa kundi la Kraftwerk waliitumia katika sahani yao ya mwaka 1974. Tangu hapo imesikika kila mahali. Lakini msichanganye vokoda na Auto-Tune, chombo kilichotoka mwaka 1997, ambacho twakisikia sana katika nyimbo za vijana wetu. Auto-Tune huiacha sauti ya mwimbaji iwe yake, huivuta tu juu au chini mpaka ikae katika noti. Vokoda huiondoa sauti ya koo kabisa na kuleta nyingine.

Je, mafungu mangapi yatosha? Vita vilipiganwa kwa mafungu kumi. Mwaka 1995 Robert Shannon na wenzake huko Marekani walionyesha kwamba watu wanaweza kuyatambua maneno mengi hata kama sauti imegawanywa katika mafungu manne tu na kubebwa na mfoko mtupu. Jambo hili si la mchezo. Kuna kifaa hupandikizwa katika sikio la ndani la mtu asiyesikia. Kifaa hicho hugawa sauti katika mafungu na kupeleka kila fungu kwa waya wake mpaka kwenye mshipa wa kusikia; yaani ni vokoda iliyo ndani ya kichwa cha mtu. Hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, ilianza kuwapandikizia watoto kifaa hicho mwaka 2017. Mtoto yule hasikii kama tusikiavyo sisi, lakini maneno yamfikia.

Sasa tazameni lililo letu. Katika lugha nyingi za Kibantu, kama Kikikuyu na Kisukuma, kupanda na kushuka kwa sauti hubadili maana ya neno, kama kwa watu wa Lokele. Vokoda yenye mlio mmoja usiopanda huziumiza sana lugha hizo. Kiswahili hakina shida hiyo katika maneno, na kwa hiyo chapita vizuri ndani ya vokoda. Lakini shida yetu iko mahali pengine. Sema: "Amekuja." Sasa uliza: "Amekuja?" Herufi ni zile zile, swali limetengenezwa na koo peke yake. Katika vokoda yenye mlio mmoja, swali na jibu hufanana kabisa. Kwa hiyo ukitengeneza mazungumzo kwa chombo hiki, usiandike "Amekuja?" Andika "Je, amekuja?" Neno "je" hutengenezwa na kinywa, na halitapotea.

Tuje kwa ikwalaiza. Maana ya jina lake ni "kisawazishaji". Mafundi wa simu wa zamani waliona kwamba waya mrefu hula mitetemo ya juu kuliko ya chini, basi wakaweka vyombo vya kuinua ya juu ili yote iwe sawasawa tena. Ikwalaiza ni ile ile mifereji yetu, lakini bila ya walinzi. Wewe mwenyewe waiweka milango, mmoja hapa juu, mwingine pale chini, na hapo ndipo inapokaa. Katika programu utaona vitelezi vilivyopangwa safu. Nyingine zina 10, nyingine 31, tangu hezi 20 mpaka 20,000, ambao ndio upeo wa sikio zuri la kijana. Kila kitelezi hupimwa kwa desibeli. Ukiongeza desibeli 3 nguvu ya sauti imekaribia kuwa maradufu, lakini sikio huona badiliko dogo tu; mpaka zifike kama 10 ndipo sikio lisemapo, "Hii ni mara mbili."

Tuchukue mfano mmoja tuufuate. Tuseme mama mmoja aliona mizani ya kununulia mazao ikichezewa, kila gunia likapunjwa kilo kadhaa. Anataka watu wajue, lakini wenye mizani ni majirani zake. Darasa lenu limeombwa kumrekodi kwa simu, kuifanya sauti isikike vizuri, kisha kuificha.

Kwanza ikwalaiza, kisha vokoda. Wala msianze na vokoda. Vokoda husikiliza kila kitu, pamoja na upepo na jenereta la jirani, na upepo ukiwafungulia walinzi milango, maneno huharibika. Sikilizeni kwa spika za masikioni. Mvumo wa umeme huku kwetu ni hezi 50, na mtoto wake 100. Sauti ya mama huanzia kama 200, basi shusheni kila kitu kilicho chini ya 120 bila ya huruma. Hapo hakuna neno lake hata moja. Sauti ikiwa nzito kama inatoka ndani ya mtungi, shusheni kidogo, desibeli 3 au 4, kati ya 250 na 400. Maneno yasipotoka waziwazi, inueni kidogo kati ya 2,000 na 4,000, ambako herufi kama t, k na ch zapata ukali wake. Herufi s ikichoma sikio, shusheni kati ya 5,000 na 8,000.

Shusheni kuliko mnavyoinua. Mgeni wa ikwalaiza huinua kila kitelezi, husikia sauti imekuwa kubwa, husema, "Imekuwa nzuri!" Si nzuri, ni kubwa tu. Kila mkibadili, rudisheni ukubwa wa sauti uwe kama wa kwanza, kisha linganisheni. Tena kumbukeni kwamba ikwalaiza haiwezi kuinua kisichokuwapo. Simu za namna ya zamani hupitisha hezi 300 mpaka 3,400 tu. Mazungumzo yaliyorekodiwa kupitia simu hizo hayana kitu katika 6,000. Ukiinua hapo utainua mfoko mtupu. Ndiyo sababu katika simu "nimemsikia" na "nimemfikia" hufanana, maana tofauti ya s na f nyingi iko juu ya 3,400. Basi mrekodini mama kwa maikrofoni iliyo mbele yake, si kwa kumpigia.

Sasa vokoda. Katika programu ya Audacity, ambayo hailipiwi na ilitolewa kwa watu wote mara ya kwanza mwaka 2000, sauti ya mtu huwekwa upande wa kushoto na mlio wa kubebea upande wa kulia, kisha vokoda huitwa katika menyu ya Effect. Chagueni mfoko au mvumo wa msumeno uwe mlio wa kubebea. Mafungu yakiwa machache mno, maneno hayaeleweki. Yakiwa mengi mno, kila fungu huwa jembamba hata likaanza kushika watoto wa koo lake mmoja mmoja, na mlio wake wa kweli huanza kurudi. Anzeni na 20 au 30.

Hapa nawaomba msimame kidogo. Watu wengi hupandisha au hushusha tu sauti ya shahidi, wakafikiri imefichwa. Sauti iliyopandishwa yaweza kushushwa tena na mtu yeyote mwenye programu kama yenu, na mama akasikika kama alivyo. Ikwalaiza nayo haifichi. Mtu akikuita kutoka ndani ya shimo bado wamjua. Vokoda yenye mlio wa mfoko ni afadhali, kwa kuwa mlio wa koo lake umetupwa, haumo tena katika rekodi. Lakini hakikisheni kitelezi cha kuchanganya sauti ya asili kimeshushwa mpaka sifuri, maana katika programu nyingi kipo, na sauti halisi hubaki chini yake kama mtu aliyejificha nyuma ya pazia huku miguu yaonekana. Pelekeni rekodi iliyokwisha kutengenezwa tu, si faili la kazi lenye sauti zote mbili. Na ile ya kwanza ifutwe katika simu iliyomrekodi.

Hata hivyo vokoda haikugusa kinywa, na kinywa nacho kina alama zake. Mama akisema upesi kuliko wengine, bado atasema upesi. Akiwa na matamshi ya kwao, majirani wataijua nchi yake. Akiwa na neno alipendalo, kama yule asemaye "yaani" kila baada ya pumzi, watamjua kwa neno hilo. Na akisema, "Siku ile nilikuwa na gunia tatu na mwanangu mgonjwa," ametaja jina lake bila ya kulitaja. Kwa maoni yangu, hatari ikiwa ni ya kweli, vokoda ndiyo ya pili. Ya kwanza ni kuyaandika maneno yake, kumsomea mwenyewe mpaka akubali kila sentensi, kuondoa yatakayomtambulisha, kisha mtu mwingine ayasome, mtu wa mbali. Hiyo ndiyo kazi mliyojifunzia kusoma na kuandika, wala haihitaji umeme.

Kazi ya darasa kabla ya somo lijalo. Gawanyikeni wawili wawili, mgeuziane migongo. Mmoja anong'one maneno haya, akiyachanganya apendavyo, na mwenzake aandike alichosikia: sikia, fikia, sumbua, fumbua, sagia, fagia, shika, fika, pata, bata. Hesabuni makosa. Kisha rudieni, safari hii msemaji aseme kwa sauti ya kawaida lakini amefunika mdomo kwa khanga iliyokunjwa mara nne, maana khanga hula mitetemo ya juu kama waya mrefu. Andikeni ni maneno gani yaliyoharibika kwa mnong'ono, na ni yapi kwa khanga. Si yale yale. Anayejua sababu ya "pata" na "bata" kuchanganyika katika mnong'ono aiandike kwa sentensi mbili, ampe mwalimu wake. Vidole viwili juu ya koo vitamsaidia.